Jasho na Mizani: Historia Fupi ya Juhudi za Wakulima wa Pamba wa Kando ya Ziwa

Imeandikwa na Katibu wa Chama, Pasiansi, Mwanza



Chama chetu Kikuu kinapotimiza miaka kumi, ni jambo la haki kumshukuru Mwenyezi Mungu, kuwapongeza wale walioianzisha kazi, na kuitazama njia tuliyopita. Hesabu za mali zina mahali pake na watu wake. Mimi nimetakiwa niandike habari za zamani, nami nimeona inafaa kuandika habari za wakulima wa pamba waliotutangulia katika nchi hii ya Ziwa. Kwa maana sisi tuna miaka kumi tu, bali wao walikwisha kuipanda na kuishuka milima yote ambayo sisi tunaanza kuiona.

Kila mtoto huambiwa shuleni kwamba mafanikio huja kwa kufanya kazi kwa bidii. Neno hilo ni kweli, lakini halijakamilika. Wazee wetu walifanya kazi kwa bidii kwa miaka mingi, na bado walibaki na mikono mitupu. Walianza kufanikiwa siku ile bidii yao ilipotoka shambani ikaenda hata mizanini, ikaingia katika daftari, na ikaketi katika mkutano. Nao waliokuja baadaye walianza kupoteza walichopata siku ile bidii hiyo iliporudi shambani peke yake. Hayo ndiyo nitakayojaribu kuyaeleza.

JEMBE

Pamba ilienezwa katika nchi yetu kama zao la biashara wakati wa utawala wa Wajerumani, mwanzoni mwa karne ya 20. Kule kusini-mashariki watu walilazimishwa kuilima katika mashamba ya pamoja, chini ya maakida na majumbe, kwa malipo duni mno. Mwezi wa Julai 1905 watu wa Umatumbi waliing'oa pamba hiyo, na Vita vya Majimaji vikaanza. Huku Mwanza zao lilikuja kushika mizizi kwa njia nyingine. Mkulima aliilima katika shamba lake mwenyewe, kando ya mtama, mahindi, mihogo na viazi vya watoto wake, naye akajua kwamba palizi ya leo ni fedha yake ya kesho. Tofauti hiyo si ndogo. Mtu humtumikia bwana kwa mkono mmoja, bali hujitumikia mwenyewe kwa mikono miwili.

Njia za kuuzia nazo zilifunguka kidogo kidogo. Hapo kwanza mzigo ulivuka Ziwa kwa meli hata Kisumu, ambako reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika tangu mwaka 1901. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ikafika Mwanza, na bandari yetu ikaungana na Dar es Salaam. Katika miaka ya 1930 kilianzishwa kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kusini ya mji wa Mwanza. Mabwana shamba wa kituo hicho walifanya kazi ambayo haikusifiwa kama inavyostahili. Waliteua mbegu ambazo majani yake yana manyoya mengi, kwa kuwa chawajani hawapendi kukaa juu ya jani lenye manyoya. Mbegu zilizoitwa kwa herufi UK, yaani Ukiriguru, zilitoka katika kazi hiyo ya kuchagua mche baada ya mche, mwaka baada ya mwaka.

Lakini mbegu haijilimi. Aliyepata kulima pamba kwa jembe la mkono ajua kwamba zao hili halina likizo. Hapana budi shamba liwe tayari kabla ya mvua za Novemba na Desemba. Miche ikishaota yapasa kupunguzwa, na magugu yapaliliwe tena na tena. Vitumba vikitokea, funza naye yuko njiani. Kuanzia Mei na Juni huja kuchuma, tena si mara moja, kwa maana vitumba havipasuki vyote siku moja. Baada ya kuchuma huja kuchambua kwa mkono, pamba safi mbali na pamba fifi. Na fedha ikisha kulipwa, kazi haijaisha: lazima miti ya pamba ing'olewe na kuchomwa moto, wadudu wasipate makao ya kungojea msimu mwingine.

Mwaka 1947 Serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, nao ukaja na sheria nyingi: kulima kwa matuta, kutia samadi, kupanda mihogo ya akiba, kupunguza mifugo. Baadhi ya sheria hizo zilikuwa na maana njema kwa ardhi. Lakini zililetwa kwa amri, na asiyezitimiza aliweza kutozwa faini. Matokeo yake yalikuwa kwamba watu wengi walizichukia hata zile zenye faida, nao waliziacha mara tu mkono wa amri ulipolegea.

Wala isidhaniwe kwamba watu wetu walingoja kufundishwa kufanya kazi pamoja. Wasukuma walikuwa na desturi ya zamani ya kulima kwa makundi. Vijana wa kijiji walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, naye aliwapanga kwenda shamba la huyu leo na shamba la yule kesho. Ngoma ya bugobogobo, ambayo wachezaji wake hushika majembe, yatokana na kazi hiyo hiyo ya kulima kwa mdundo mmoja. Mvivu katika kundi alionekana mara moja, maana mstari wake ulibaki nyuma. Ndani ya desturi hiyo mlikuwa na misingi miwili ya ushirika: kila mtu atimize sehemu yake, na sehemu ya kila mtu ionekane na wote.

MIZANI

Basi jasho lilikuwapo, na umoja wa kulima ulikuwapo. Mafanikio yalizuiwa wapi?

Katika miaka iliyofuata Vita Vikuu vya Pili, mkulima hakuwa na mahali pengine pa kuuza pamba yake ila penye kituo cha mnunuzi mwenye leseni. Wanunuzi hao na wenye vinu vya kuchambulia pamba, wengi wao wakiwa wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi, ndio walioishika biashara yote baina ya shamba na meli. Bei ilitangazwa na Serikali kabla ya msimu. Jambo hilo laonekana kuwa ulinzi kwa mkulima, na kwa upande mmoja ndivyo lilivyokuwa. Lakini bei ikisha kufungwa, mnunuzi apendaye faida ya ziada hawezi kuipata katika bei. Imebaki mizani tu. Hatusemi kwamba kila mnunuzi alikuwa mdanganyifu, kwani kusema hivyo ni dhuluma. Twasema kwamba mkulima hakuwa na njia ya kumjua mwaminifu na asiye mwaminifu.

Mfikirieni mtu aliyetoka mbali na mzigo kichwani, au juu ya baisikeli, au katika mkokoteni wa ng'ombe. Jua limepanda. Nyuma yake wako watu wengi. Mzigo unatiwa mizanini, mtu mwingine anausoma, mtu mwingine anaandika, naye anapewa fedha na kuambiwa apishe. Hajui kusoma namba, na hata akijua, mizani imeelekezwa upande mwingine. Arudi na mzigo wake nyumbani? Kwa mnunuzi gani mwingine?

Tupige hesabu ndogo kwa mfano. Mkulima ana ratli 800 za pamba. Mizani ikimpunja ratli 5 katika kila 100, amepoteza ratli 40. Aliyewahi kuchuma pamba ajua ratli 40 ni kazi ya muda gani chini ya jua. Tena kama wakulima 500 wa kituo kimoja wamepunjwa hivyo hivyo, zimepotea ratli 20,000. Pamba ikichambuliwa, nyuzi zake ni kama theluthi moja ya uzito. Kwa hiyo zimepotea nyuzi za marobota 16 hivi, kila robota likiwa na ratli 400. Mali hiyo yote imepotea bila mwizi kuonekana na bila kelele kupigwa. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hapo ndipo hekima ilipoingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa sehemu mbalimbali za Jimbo la Ziwa walianza kuchanga fedha na kununua mizani yao wenyewe. Waliiweka karibu na kituo cha kununulia, wakamtafuta kijana ajuaye kusoma na kuandika awe mpimaji. Mkulima alipima kwanza kwa mizani ya wenzake, akaandikiwa uzito wake katika kipande cha karatasi, ndipo akaenda kwa mnunuzi. Namba mbili zikilingana, alhamdulillahi. Zisipolingana, mkulima alikuwa na neno la kusema, tena lenye ushahidi.

Tazameni jinsi jambo hili lilivyo dogo, na jinsi lilivyogeuza mambo makubwa. Halikuhitaji mtaji mkubwa wala ruhusa ya kuingia vitani. Lilihitaji watu wachache wanaoaminiana, mizani moja, na kijana aliyesoma ambaye yuko tayari kukaa juani kutwa kwa ajili ya watu wa kijiji chake. Ule msingi wa nsumba ntale, kwamba sehemu ya kila mtu ionekane, ulihamishwa kutoka shambani ukapelekwa sokoni.

Wala hawakuwa wa kwanza duniani kuanzia penye mizani. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, watu 28, wengi wao mafundi wa kufuma nguo, waliweka akiba zao hata zikafika pauni 28, wakafungua duka dogo la unga, siagi, sukari na vitu vichache vingine. Maduka ya siku zile yalikuwa na sifa mbaya ya kuchanganya bidhaa na kupunja vipimo. Wao waliweka sharti la bidhaa halisi na kipimo kamili. Vyama vya ushirika vya nchi nyingi huwahesabu watu hao kuwa wazee wao. Wafumaji wa Rochdale hawakuwajua wakulima wa Usukuma, wala wakulima wetu hawakuhitaji kuwajua wao ili kufikia shauri hilo. Mtu aliyepunjwa, akitafakari, huifikia mizani kwa njia yake mwenyewe.

WATU WALIOJITOLEA

Katika habari hizi jina la Paul Bomani haliwezi kuachwa. Alizaliwa tarehe 1 Januari 1925 upande wa Musoma, mtoto wa mhubiri wa Kanisa la Waadventista Wasabato. Alisoma Ikizu na Nassa, kisha akafanya kazi katika mgodi wa almasi wa Mwadui. Mwaka 1947 alikuja Mwanza kukitumikia chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa mji huu, naye akawa katibu wake. Kijana wa miaka 22 mwenye elimu ya namna ile aliweza kutulia mezani na kuridhika. Badala yake alitoka kwenda vijijini kuwasikiliza wakulima, na alikwenda Uganda kuona jinsi wakulima wa pamba wa huko walivyoanza kujipanga katika vyama. Baadaye, katika miaka ya 1953 na 1954, alikwenda Uingereza kusomea ushirika katika chuo cha Loughborough. Aliporudi alikuwa na jina na elimu, naye akavileta vyote viwili katika kazi ya wakulima.

Hata hivyo tutakosea tukisema kwamba mtu mmoja ndiye aliyeijenga nyumba hii. Bomani alikuta watu waliokwisha kuanza kupima pamba yao wenyewe, na katika kila tarafa walikuwako wazee waliokubali kukaa kamati bila malipo, na vijana walioshika kalamu. Majina yao mengi hayakuandikwa katika vitabu. Lakini kama wao wasingalikuwako, Bomani angalikuwa msemaji asiye na wasikilizaji.

Sheria ya Vyama vya Ushirika ilikuwapo katika Tanganyika tangu mwaka 1932. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na Chama Kikuu chao, K.N.C.U., tangu 1933, na ndugu zetu wa Bukoba wakaanzisha chao mwaka 1950. Wakulima wa pamba walikuwa wamechelewa. Lakini tangu mwaka 1953 vyama vya msingi vya pamba vilipoanza kuandikishwa, mwendo ulikuwa wa haraka. Vyama vya msingi viliungana kuwa vyama vikuu, na mwaka 1955 vyama vikuu vikaungana kuwa Shirikisho la Victoria, ambalo wengi walilijua kwa herufi zake V.F.C.U., makao yake makuu yakiwa hapa Mwanza na Bwana Bomani akiwa Meneja Mkuu.

Mwaka 1956 Shirikisho lilikuwa na kinu chake la kwanza cha kuchambulia pamba, huko Kasamwa katika Geita. Ilipofika mwaka 1959, vyama vya ushirika vilikuwa vimeshika ununuzi wa pamba yote ya Jimbo. Katika muda wa miaka sita tu, watu waliokuwa wakisukumwa penye mizani walikuwa wameishika mizani yenyewe, na kinu juu yake.

Ikumbukwe kwamba hiyo haikuwa miaka ya amani kwa siasa. Kuanzia 1954 hadi 1958 chama cha TANU kilizuiwa kufanya kazi katika Jimbo la Ziwa. Mikutano ya siasa ilikatazwa, bali mikutano ya wanachama wa ushirika iliendelea. Humo watu walijifunza mambo ambayo nchi huru ingeyahitaji: kuchagua mwenyekiti kwa kura, kusoma kumbukumbu za mkutano uliopita, kumwuliza mweka hazina fedha zimekwenda wapi, na kushindwa katika kura bila kupigana. Serikali ya madaraka ilipoundwa mwaka 1960, Bwana Bomani akawa Waziri wa Kilimo, na baadaye, kuanzia 1962, Waziri wa Fedha. Alifariki dunia tarehe 1 Aprili 2005.

Matunda ya kazi yalionekana. Mkulima aliyelipwa uzito wake wote alikuwa na sababu ya kuongeza eka. Watu walihama kwenda Geita na sehemu nyingine zenye ardhi mpya, majembe ya kukokotwa na ng'ombe yakaongezeka, na nyumba za bati zikaonekana palipokuwa na nyasi. Katikati ya miaka ya 1960 zao la pamba lilikuwa limepita marobota 400,000 kwa mwaka, na pamba ilihesabiwa pamoja na katani na kahawa katika mazao makuu matatu ya nchi. Mchumia juani hulia kivulini, walisema wazee. Na kwa mara ya kwanza kivuli kilikuwa chao.

KUSHUKA

Kama hadithi ingaliishia hapo, ningaliweka kalamu chini na kuwatakia heri. Lakini mwandishi wa historia asiyetaja kushuka huwa ameandika wimbo wa sifa.

Chama kilipokuwa kikubwa, mwanachama alianza kukiona kama ofisi ya watu wengine. Waajiriwa waliongezeka. Makato yaliongezeka, na wakulima wengi hawakuelezwa kila senti inakwenda wapi. Shirikisho liliingia katika kazi nyingi nje ya kununua na kuchambua pamba. Mojawapo ilikuwa ni kulima mashamba makubwa ya pamoja kwa matrekta, katika miaka ile ya 1960. Matrekta yaligharimu fedha nyingi, na gharama ya kulima eka moja ikazidi faida yake mahali pengi. Baadhi ya wakulima walilitazama shamba la trekta kama shamba la Shirikisho, nao hawakulipalilia kama walivyopalilia lao. Yule mtu wa mikono miwili alikuwa amerudia mkono mmoja.

Mwaka 1966 Serikali iliunda Kamati Maalumu ya Rais kuchunguza mwenendo wa vyama vya ushirika nchini. Kamati ilitaja kasoro kadha wa kadha: upungufu wa watumishi wenye ujuzi, ukosefu wa demokrasia katika vyama vikuu, na kuingiliwa na siasa. Lakini pamoja na hizo ilitaja kasoro ambayo yatupasa kuisoma mara mbili, nayo ni kwamba wanachama hawakukielewa chama chao. Hawakuijua haki yao wala wajibu wao, kwa hiyo hawakuweza kumzuia aliyekosea.

Baada ya uchunguzi huo mambo yalikwenda upesi. Mwaka 1968 Shirikisho la Victoria lilikuwa limekwisha, na mahali pake pakawa na Chama Kikuu kimoja, Nyanza. Mwezi wa Mei 1976 vyama vikuu vyote nchini vilivunjwa, na mazao yakanunuliwa na mamlaka za Serikali. Mwaka 1982 sheria mpya ilivirudisha vyama vikuu, na katika miaka michache iliyofuata vikaanza tena kazi, lakini vingi vilikuwa na madeni na watu walikuwa wamepoteza imani. Mwaka 1994 biashara ya pamba ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Fedha taslimu ilikuja mlangoni, na wakulima wengi wakaifuata. Nani angewalaumu, ikiwa chama kiliwakopa na mnunuzi akawalipa papo hapo? Lakini pamoja na wanunuzi wengi zikaja pia mizani nyingi, na swali la mwaka 1950 likarudi: ni nani anayeisoma?

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 ilileta Tume ya Maendeleo ya Ushirika kuvisimamia vyama, na tangu 2018 Serikali iliagiza pamba inunuliwe kwa kupitia vyama vya msingi. Ndivyo kazi ya mizani ilivyorudi mikononi mwa mkulima. Safari hii ilirudi kwa agizo. Historia yatufundisha kwamba kilicholetwa kwa agizo chaweza kuondoka kwa agizo, isipokuwa wenyewe wakikamate.

Kuna watu wasemao kwamba Serikali ndiyo iliyoua ushirika mwaka 1976. Wengine husema viongozi wezi ndio walioua. Mimi sitaki kuikana hata hoja moja, kwani kila moja ina ukweli wake. Nauliza tu: kwa nini wale watu ambao mwaka 1950 walisimama juani kulinda ratli tano hawakusimama, wao au watoto wao, kulinda kinu kizima? Jibu langu ni kwamba ile kazi ya pili, kazi ya kulinda, ilikuwa imekwisha kuachwa siku nyingi kabla ya kalamu kutiwa katika karatasi ya kuvunja vyama.

SISI NA MIAKA KUMI IJAYO

Sasa turudi kwetu. Hapa Pasiansi jiji limekua hata likameza mashamba mengi, na magari yaendayo kiwanja cha ndege yapita mahali ambapo wazee walilima. Wengi wetu tuna mashamba ya mbali na nyumba za karibu. Kwa sababu hiyo ni rahisi kwetu kuliko kwa wengine kusema: "Mambo ya chama watayaona wenyewe walio ofisini." Mimi ni mmoja wa hao walio ofisini, nami nasema wazi kwamba maneno hayo yanitia hofu. Katibu asiyeulizwa maswali ni katibu aliye katika hatari, hata akiwa mwaminifu. Na chama chake kina hatari zaidi.

Bidii ya mwanachama, basi, ina sehemu nne, na asiyeitimiza mojawapo asijihesabu kuwa amemaliza kazi.

Ya kwanza ni bidii ya shamba. Chama hakilimi. Chama chaweza kuleta mbegu na dawa kwa wakati, lakini hakiwezi kupunguza miche ya mtu aliyelala. Anayechanganya fifi na safi akidhani amewashinda wenzake kwa werevu, ashushaye ni bei ya watu wote, na yeye yumo.

Ya pili ni bidii ya mizani. Kila mwanachama aitazame mizani kabla ya mzigo kupandishwa, aone kwamba imesimama penye sifuri. Asimame mahali anapoweza kuisoma. Aisome stakabadhi yake kabla ya kuikunja: jina, uzito, daraja, bei, makato. Asiyejua kusoma na aje na mwanawe anayesoma shule. Si aibu, wazee wa mwaka 1950 walifanya hivyo hivyo, na kwa hiyo tumewaandika leo.

Ya tatu ni bidii ya daftari. Hesabu zilizokaguliwa ni mali ya mwanachama, wala si siri ya kamati. Akija kuziomba asitazamwe kama mchochezi. Na aliyeketi katika kamati akumbuke kwamba daftari lililo safi ni ngao yake mwenyewe siku atakaposingiziwa.

Ya nne ni bidii ya mkutano. Hii ndiyo ngumu kupita zote, kwa kuwa haina mavuno ya siku ile ile. Mtu hutoka mkutanoni na njaa, na jua limezama. Lakini kila uamuzi mbaya ulioviangusha vyama vya zamani ulipita katika mkutano, au ulipita kwa sababu mkutano haukuwa na watu. Kiti cha mwanachama asiyehudhuria hakibaki wazi. Mwingine hukikalia, tena huamua kwa ajili yake.

Kwa viongozi wenzangu nina neno moja. Wazee wale walimpa kijana mizani kwa sababu walimwamini, na bado walisimama karibu naye kuitazama. Hawakuona kwamba kutazama ni kumvunjia heshima, wala kijana hakuona hivyo. Na sisi tusione hivyo. Mwanachama anayetutazama kwa karibu anatusaidia kubaki waaminifu.

Ndugu wanachama, miaka kumi si mingi. Shirikisho la Victoria lilipotimiza miaka kumi, mwaka 1965, lilikuwa na vinu, magari, majumba na sifa zilizovuka mipaka ya nchi. Aliyelitazama kwa nje asingedhani kwamba miaka mitatu baadaye lisingekuwako tena. Sisi hatuna utajiri kama ule, na pengine ni heri, kwa kuwa bado twajuana kwa majina. Tukitumia miaka kumi ijayo kuulinda uzito wa jasho letu kama tunavyolitoa, watakaoandika kitabu cha miaka ishirini watakuwa na habari njema za kuandika.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tuendelee kulima, tuendelee kupima, na kila mkutano tuonane.

Mungu akibariki Chama chetu.